Njia Haitokei

Tulipohamia kule, njia ilikuwa popote unapotia mguu. Mbele ya nyumba yetu palikuwa na muhogo, nyuma palikuwa na muhogo, na katikati ya muhogo ilisimama minazi michache iliyokwisha kuzeeka. Ukitaka kwenda barabarani unakata moja kwa moja. Ukitaka kwenda msikitini unakata kwengine. Sitaji jina la mtaa, maana watu bado wanaishi pale na mimi bado naishi nao. Itoshe kusema ni mbele ya Mwanakwerekwe, huko ambako miaka ile mtu wa Mjini akikuuliza unakaa wapi na ukamwambia, anacheka: "Ah, kumbe umehamia shamba!"

Hatukuhama kwa kupenda. Mama yangu alizaliwa Mji Mkongwe na hakupata kuishi mtaa mwengine. Mimi, mume wangu na watoto wetu tulikaa naye katika vyumba vya juu vya nyumba kongwe ya kupanga, upande wa Malindi, mpaka masika moja ukuta wa ngazi ulipoporomoka asubuhi watu wanakunywa chai. Hakuumia mtu, lakini tuliambiwa sote tutoke, na mlango ukapigiliwa mabati. Mume wangu anafanya kazi hotelini Kendwa na hurudi nyumbani anapopata ruhusa. Alikuwa keshanunua kiwanja kwa mzee mmoja mwenye shamba, akidhani tutajenga taratibu kwa miaka. Tukajenga haraka vyumba viwili na ukumbi, tukaezeka, tukaingia na sakafu haijakauka vizuri.

Nakumbuka siku ya kupimiwa kile kiwanja. Mzee alikuwa na kamba, na alipima kwa kamba na kwa miguu yake mwenyewe. Mume wangu akamuuliza kuhusu njia.

"Njia isikushughulisheni," mzee akasema. "Kila nnayemuuzia namwambia aache njia."

"Aiache wapi, mzee?"

"Hapa." Akapunga mkono kuelekea barabarani, na ule mkono ukapita juu ya shamba zima.

Siku za mwanzo mama alitoka kila alasiri. Alivaa buibui lake, akapita kwenye muhogo, akaenda kutafuta watu wa kuzungumza nao. Alirudi viatu vimejaa udongo mwekundu. "Watu wa huku wamekaa mbalimbali kama meno ya kizee," akasema. Lakini alikwenda tena kesho yake, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa anawajua wote.

Mimi nilizoea pole pole. Nafundisha skuli ya watoto wadogo Amani, na kila jioni nilipokuwa nakata lile shamba kurudi nyumbani nilikuwa naona uwazi ule ni mzigo: jua lote langu, mvua yote yangu. Nilikulia kwenye vichochoro. Nikitumwa mkate, nilikwenda kwa kichochoro kimoja na kurudi kwa chengine, na nikiona mbele wamekaa wavulana watukutu, nageuza kona na bado nafika. Mgeni hupotea Mji Mkongwe, lakini hakwami. Kila kona ina kona nyengine, na mwisho ataiona bahari au atatokea Darajani. Nikidhani ndivyo dunia ilivyo, kwamba njia ikiingia mahali lazima itokee.

Nyumba zilikuja moja moja, kisha zikaja kwa mkupuo. Muhogo ukang'olewa, minazi ikakatwa, malori ya mchanga na matofali yakawa yanatuamsha. Upande wetu wa kulia alijenga fundi mwashi kutoka bara, mtu mwema, mke wake akituletea maandazi kila Krismasi. Upande wa kushoto wakajenga mke na mume, waalimu kama mimi. Nyuma yetu ikasimama nyumba ya kupangisha. Kila aliyejenga alijivutia kinjia chake kutoka barabarani mpaka mlangoni kwake, na pale mlangoni kile kinjia kikafa. Hakuna kilichoungana na chengine. Mtu akikosea nyumba hana budi kurudi mpaka barabarani na kuanza upya. Watoto wa mtaani walikuwa wakicheza kwenye mlango wa kinjia chetu, na kila mgeni aliyesita na kuuliza, "Njia hii inatokea?" walimjibu kwa sauti moja, "Haitokei!"

Kisha watu wakaanza kujenga kuta. Sikumlaumu mtu. Vitu vilikuwa vinaibiwa, na sisi wenyewe tulijenga wa kwetu kwa upande wa nyuma na upande wa fundi. Ukuta ulipomalizika nilifurahi, nikaanika nguo bila kuogopa macho ya watu.

Ni kwa sababu ya nguo ndipo nilipomjua jirani wa nyuma, ingawa sikumwona. Upepo ulichukua kanga yangu ukaitupa upande wa pili. Nikasema ngoja niifuate. Nikatoka mpaka barabarani, nikapita msikiti, nikaingia kinjia cha kwanza, hakitokei, nikarudi, nikaingia cha pili, nikafika kwenye geti la watu nisiowajua ambao hawana habari ya kanga wala ya nyumba yangu. Nikarudi nyumbani nimechoka. Nilipoingia uani, kanga iko chini, imekunjwa na kufungwa fundo lenye kijiwe ndani ili ipite juu ya ukuta.

"Ahsante jirani!" nikapiga kelele.

"Haya! Bana nguo zako!" sauti ikajibu, ya mwanamke, nene.

Toka siku ile tukawa tunasalimiana kwa juu ya ukuta. Nilijua anapotwanga kisamvu na anapomgombeza mwanawe. Nilijua mdogo wake wa kiume, seremala, anaishi naye, kwa sababu randa yake ilikuwa ikikwaruza mchana kutwa. Nilimjua vile kuliko wengi niliowaona kwa macho, na sikuijua sura yake.

Mama alianguka chooni akavunjika nyonga. Alikaa hospitali muda mrefu, na alipotoka alitoka na kiti cha magurudumu. Gari lililomleta lilimshusha karibu na msikiti, tukamsukuma kwenye kinjia chetu ambacho siku hizo bado kilikuwa kipana, maana kiwanja cha mbele yetu kilikuwa kitupu. Kiwanja kile kilikuwa cha mtu anayeishi Maskati. Kila alasiri binti yangu mkubwa alimsukuma bibi yake kukipita kiwanja kile mpaka dukani, barabarani, ambako wanawake hukaa kwenye baraza, na jua likianza kushuka anakwenda kumchukua. Mguu haukuwa tena mguu, lakini mdomo ulikuwa uleule.

Asubuhi moja tukaona kamba imevutwa mbele ya mlango wetu. Kijana mmoja, ndugu wa yule wa Maskati, alikuwa anasimamia mafundi. Alikuwa na adabu. Alimwona mama ukumbini, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Munajenga?"

"Ukuta tu, bibi. Mwenyewe kasema tuzungushe, asije mtu akamvamia."

"Na mie nitapita wapi?"

Kijana akatazama ile nafasi iliyobaki baina ya kamba yake na ukuta wa yule jirani yetu fundi. "Mutajipenyeza, bibi. Mtu anapita."

Mama akagonga gurudumu la kiti chake kwa pete. "Na hichi nacho kitajipenyeza?"

Kijana akavaa tena kofia yake. Alirudi kwa mafundi wake akazungumza nao kwa sauti ndogo, nikadhani anawaambia waisogeze kamba. Haikusogea. Yeye katumwa, na aliyemtuma yuko mbali.

Nikaenda kwa sheha wa shehia yetu. Akaja, akawaita majirani wote tukasimama pale kwenye uchochoro uliobaki, wengine mbele wengine nyuma kwa sababu hatukuweza kusimama pamoja. Akamuuliza kila mmoja kama aliambiwa aache njia. Kila mmoja akasema ndiyo, aliambiwa. Fundi alisema aliambiwa njia iko upande wa kiwanja cha Maskati. Ndugu wa mtu wa Maskati akasema wao waliambiwa njia iko upande wa fundi. Waalimu wakasema kwao waliambiwa njia itapita nyuma. Sisi tuliambiwa iko hapa, kwa mkono uliopita juu ya shamba zima. Na mzee aliyeuza alikuwa keshafariki, Mungu amrehemu.

Sheha akapangusa kipara chake. "Kila mtu yumo ndani ya chake," akasema. "Njia ndo haimo ndani ya cha mtu." Kisha akamsogelea mama, aliyekuwa amekaa kizingitini, akataka kumpa moyo. "Vumilia, bibi. Penye nia pana njia."

"Hapa nia ipo, baba," mama akasema. "Njia ndo hakuna."

Watu wakacheka, hata sheha. Mimi sikuweza kucheka. Ukuta ukajengwa wiki ileile.

Nilikuwa nikidhani kufungwa ni kufungiwa mlango kwa nje na mtu mwenye funguo. Kwetu mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyetukataza kwenda popote, na hakuna aliyetuchukia. Tulitoka mmoja mmoja, kwa ubavu, mkoba umetangulia mbele. Mtungi wa gesi ulibebwa kichwani. Friji lilipoharibika halikutengenezwa, kwa kuwa kulitoa hakuwezekani na mafundi hawakutaka kujipenyeza na vyombo vyao. Binti yangu alianza kukaa kwa shangazi yake huko Amani kwa sababu ya masomo, ndivyo alivyosema.

Mama alibaki uani. Asubuhi tunamweka kwenye kivuli cha ukuta wa mashariki, jioni kwenye kivuli cha ukuta wa magharibi. Wenzake wa barazani walikuja siku za mwanzo, lakini ni wanawake wazima, wengine wanene, na mmoja aliposakama kwenye uchochoro ikabidi avutwe, aliona haya, hakurudi. Mama akaanza kuniuliza nikirudi kazini: nani kapita, nani kajenga, barabara ya Fuoni imefika wapi. Nikawa namsimulia. Siku moja nikasema nimechoka, mama, hamna jipya. Jioni ile nilimsikia anazungumza na ukuta wa nyuma.

"Umepika nini leo, mwanangu?"

"Mchuzi wa changu, bibi!" ile sauti nene ikajibu.

Masika yaliyofuata ndipo tulipojua kuwa hata maji hayakuachiwa njia. Zamani mvua ilipita shambani ikateremkia bondeni. Sasa kila ukuta uliisukuma kwa jirani, na jirani kwa jirani, na sisi ndio tuliokuwa wa mwisho. Asubuhi hiyo watoto walikuwa skuli, mume wangu Kendwa, na mimi nilibaki nyumbani kwa homa. Ilinyesha bila kupumua. Uchochoro wetu, ule wa kupita kwa ubavu, ukawa bomba: maji ya barabarani yote yakaja kwa humo. Karo la choo likajaa, likatapika. Niliziba mlango wa mbele kwa bunda la nguo, yakaingia kwa mlango wa nyuma. Yalipofika kwenye magoti yangu, godoro la mama lilikuwa limeanza kulowa.

Nikambeba mgongoni. Mama hakuwa mzito, lakini ule mguu haukukunjika, umetoka pembeni kama ubao. Nikafika kwenye uchochoro. Maji yalikuwa yananipiga mapajani kwa nguvu, na mguu wake ukagonga ukuta. Alipiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Nikageuka huku, nikageuka kule. Hatukuingia.

"Niweke," akasema sikioni kwangu. "Nirudishe kitandani, wende ukaite watu."

Nikamrudisha kitandani, nikaweka meza juu ya kitanda na mama juu ya meza. Kutoka kumwacha peke yake sikuthubutu. Nikakimbilia ukuta wa nyuma, nikaupiga kwa mchi.

"Jirani! Jirani we!"

"Naam!"

"Maji yametuingilia! Mama hawezi kutoka!"

Nilisikia mvua tu. Halafu sauti yake, inamwita mdogo wake, na sauti ya kiume inauliza kitu, na yake inajibu kwa ukali, "Habari ya mwenye nyumba baadaye! Lete mtaimbo!" Kisha kwangu: "Ondoka ukutani! Kaa mbali!"

Walipiga na mimi nilihesabu pumzi zangu. Tofali la kwanza lilipotoka, maji yakavutwa pale kama yamesikia kuitwa. Likatoka jengine, na jengine, mpaka shimo likawa la kupita mtu na mzigo. Maji yalitangulia kuingia kwake, yakapita uani, yakafika jikoni mwake. Nyuma ya maji nikamwona, amepandisha kanga magotini. Alikuwa mfupi sana kuliko sauti yake.

Mdogo wake aliingia ndani, akamkuta mama juu ya meza, kichwa kinakaribia dari.

"Samahani, bibi, nitakubeba."

"Nipe kanga yangu kwanza," mama akasema. "Ile kavu."

Akajifunika kichwa vizuri, akabebwa. Alipita kwenye ukuta uliovunjika akiwasalimia watu wa upande wa pili.

Tulilala kwa jirani mpaka nyumba ilipokauka. Alitupa chai ya tangawizi na nguo zake, na nilipoomba radhi kwa jiko lake lililojaa matope akasema, "Yapite tu, huku yana pa kutokea." Nyumba yake ilikuwa na geti la barabara. Nilipochungulia nje ya geti lile nikagundua kuwa ni mtaa nisioujua kabisa, na mkaanga chipsi wa pale ananitazama kama mgeni.

Lile shimo lilibaki. Seremala alilisawazisha kingo, mimi nikatundika pazia. Miezi ile ilikuwa mizuri. Mama alisukumwa kwa jirani kila alasiri, na kutoka hapo mpaka barabarani, na akapata baraza jipya. Alituambia kuwa zamani Mjini nyumba nyengine zilikuwa na mlango wa ndani wa kuingilia nyumba ya pili, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Jirani alikuwa akipita kwangu kuomba chumvi na kukaa mpaka magharibi. Nilianza kumwita shoga.

Mwenye nyumba yake alikuja kiangazi. Naye alikuwa na adabu. Alinywa chai kwetu, alimpa mama pole kwa yaliyomfika, akasema Mungu atamlipa mpangaji wake kwa alichofanya. Halafu akasema ukuta uzibwe.

"Mimi sina roho mbaya," aliniambia. "Lakini leo munapita kwa ihsani, kesho watu watasema ni njia. Kesho kutwa nataka kuuza, mnunuzi anaambiwa hapa kuna haki ya wapitaji. Umefahamu, mwalimu?"

Nilimfahamu, na hilo ndilo lililonikaba zaidi. Akatupa muda mpaka Ramadhani iishe. Mume wangu alimpigia simu kutoka Kendwa, akamsihi, akarudi tena kumsihi uso kwa uso. Mwenye nyumba hakugombana. Alisikiliza mpaka mwisho na akarudia yaleyale.

Mama ndiye aliyetoa uamuzi. Ana mdogo wake Mangapwani, mjane, mwenye nyumba ya vyumba vingi.

"Nipelekeni kwa mdogo wangu," akasema, "madhali bado natoka."

Nikamwambia tutapata njia nyengine, nitakwenda tena kwa sheha, tutamwandikia mtu wa Maskati. Aliniacha nimalize.

"Mwanangu, weye una miguu. Mie nikisubiri hapa, siku nitakayotoka sitakuwa nimekaa."

Tulimpeleka baada ya sikukuu, kwa kupitia pazia, uani kwa jirani na getini. Jirani alilia kuliko mimi. Wiki iliyofuata mafundi waliziba, na kwa chini wakaacha kitundu cha maji, kwa huruma. Yule jirani naye mkataba ulipokwisha akahamia Bububu. Huwa tunapigiana simu.

Mume wangu anataka tuuze. Alikuja mnunuzi mmoja, mwanamme mnene mwenye funguo za gari mkononi. Alipofika kwenye uchochoro alizitia mfukoni, akauliza gari litapita wapi, akaambiwa. Hakuingia hata kuona vyumba. Sasa mume wangu anasema basi tupandishe ghorofa, angalau tupate upepo. Siku akisema hivyo mimi huenda kuosha vyombo.

Mwisho wa wiki nakwenda Mangapwani. Mama amewekwa ukumbini karibu na mlango wa mbele, na kila apitaye lazima amsalimie. Amenenepa. Mara ya mwisho alinilalamikia kwamba watu wa kule wanapita mno, hawamwachi akasinzia mchana, mmoja akimaliza kuuliza hali mwengine anaanza. Nikamwosha nywele, nikamsuka, nikamkata kucha. Mdogo wake alitupikia muhogo kwa papa. Hatukuzungumza habari za nyumba.

Nikirudi, hushuka barabarani jua halijatua. Siingii moja kwa moja. Husimama pale dukani, nikaulizia bei ya kitu nisichokihitaji, nikatazama watu wanaotoka kazini. Mwenye duka ameshanizoea. Jumapili iliyopita alikuwa anafagia mbele ya baraza, akanifikia miguuni, akasimamisha ufagio.

"Mwalimu, huingii kwako leo?"

"Nnaingia," nikamwambia. "Nnaingia sasa hivi."

Akafagia kunizunguka.